Maombi

Imepotea herufi moja. S.
Ile ya mwanzo, inayotangulia K,
aliyoimeza karani wa Wete mwaka niliozaliwa.
Labda ilikuwa Ramadhani na njaa imemkamata,
labda sikio lake halijawahi kukutana na jina la namna ile
na ulimi wa baba ulikuwa mzito kwa furaha.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Kolastika.
Cha ubatizo kinasema Skolastika.
Pasipoti imemfuata Padri, hati ya ndoa imemfuata Padri.
Viza haimfuati mtu.

Ambrosi ameshapanga majoho mawili ya kwaya
na soksi tisa za sufi (ya kumi imepotelea njiani)
alizotuma mama mmoja wa parokia ya huko,
kisiwa cha Uskochi ambacho kwenye ramani ya skuli
ni tone la wino lililodondoka kwa bahati mbaya.
Waumini wamebaki kumi na mmoja, wameandika,
mdogo wao ana miaka sitini na nane.
Kinanda kipo. Mpigaji amekufa.
Njooni, wameandika, mtuimbishe.
Zamani walikuja wao, hawakuulizwa cheti cha bibi zao,
walishuka na vitabu na sabuni, tukawapisha njia.
Leo twarudisha ziara,
twadaiwa taarifa za benki za miezi sita.

Afisi ya Vizazi na Vifo, dirisha la pili.
Kijana ana adabu, amenipa na maji.
"Mama, mimi nakuamini. Kitabu ndicho hakikuamini."
Akakifungua, kurasa rangi ya chai iliyolala,
nami nimo, kati ya Kombo na Kombo mwengine,
nimezaliwa pungufu.
"Mlete aliyekuwepo."

Mama yuko kaburini, na baba ubavuni pake.
Mkunga, Bi Mkasi, naye ametangulia.
Amebaki bintiye, Bi Mize, jirani yangu wa ukuta mmoja;
siku ile alikuwa na miaka kumi na mmoja
na ndiye aliyechochea moto wa maji.

Nikamkuta anaanua karafuu, mvua inanukia.
Nikaeleza ubalozi, mfumo, herufi.
"Yaani waenda kuwasalisha Wazungu?"
"Ndiyo, dada."
Akacheka hata akakaa juu ya gunia.
Kisha akajitanda buibui.
"Zikirowa hizi, utanilipa."

Mbele ya hakimu akaapa kwa Msahafu
kwamba mimi ni mimi.
Akasema na ambayo mama hakunambia:
nilitoka na kitovu shingoni, rangi ya zambarau, kimya,
na mamake akanipiga makofi mawili ya mgongo.
"Mama ndani asoma Ayatul Kursi, mheshimiwa,
baba wa huyu nje asoma Salamu Maria.
Ipi ilotangulia kufika, hatujui mpaka leo."
Karani akaweka kalamu chini.
Bi Mize hakuitaka kalamu, hakusoma.
Akachovya dole gumba, akakandamiza,
nami nikainama kutazama:
mistari midogo imepinda, ikapindua, imepinda tena,
S tupu, S chungu nzima,
mwanamke asiyejua hata moja.

Faili limevuka maji kwenda Dar es Salaam tangu Alhamisi.
Tiketi ni za tarehe kumi na nne, na fedha yake hairudi.
Bi Mize amenianikia karafuu uani kwangu, ndiyo malipo,
nyumba nzima yapiga chafya.

Usiku Ambrosi amepiga magoti upande wake wa kitanda,
mimi upande wangu nimeshika simu.
Ujumbe ukaingia, chandarua kikang'aa:
*Maombi yako yamepokelewa. Yanashughulikiwa.
Tafadhali usijibu ujumbe huu.*
Nikamsomea.
Hakufumbua macho.
"Kaandika nani?" akauliza.